Kipande Kisicho na Jicho

Damu ya Rwegasira ilibadilika rangi wakati wauguzi wakipeana zamu ya kunywa chai, na aliyeiona kwanza alikuwa muuguzi Sada. Damu inayopita kwenye mirija ya mashine ya kusafisha figo huwa nzito, haipitishi mwanga. Siku hiyo, katika kipande cha mrija wa kuirudisha mkononi kilichochungulia nje ya kitenge, ilikuwa nyepesi na ang'avu kama juisi ya rosela. Sada alizima pampu, akabana mirija pande zote ili damu ile isirudi mwilini, akavuta kitenge kilichofunika mirija na mkono wa mgonjwa, akamwita daktari kwa sauti ambayo wodi haikuwahi kuisikia kwake. Rwegasira alikuwa ameshika mgongo, anahema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani. Mkewe, Joviana, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda akiita jina lake la ubatizo.

Alikufa kesho yake alfajiri, kabla kengele ya misa haijalia.

Kaka yake, Lwakatare, alifika kutoka Ngenge na udongo wa shamba ungali kwenye viatu. Hakulia. Alisimama mlangoni pa wodi, wagonjwa wanne wakiwa wamefungwa kwenye mashine zao hawawezi kukimbia wala kujifunika masikio.

"Ni yupi hapa aliyemuua mdogo wangu?"

Sada akasimama. "Pole sana, baba. Mimi ndiye niliyekuwa naye."

"Sikukuuliza kama ulikuwa naye. Mashine hizi mnaziosha kwa klorini, sivyo? Hata sisi wa shamba tunajua. Ulisahau klorini humo ndani, ikaingia kwenye damu yake."

"Nilipima, baba. Kila mgonjwa kabla hajaunganishwa tunapima."

"Ulipima huku unachezea simu. Nawajua nyinyi wa mjini."

Mchana huohuo polisi wawili walikuja kuchukua maelezo ya Sada. Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Byarugaba, akamwambia akae nyumbani mpaka mambo yapoe. Mambo hayakupoa. Miembeni, alikoishi Sada, ni mtaa wa maduka, na duka haliuzi bidhaa peke yake. Kufikia Ijumaa watoto wa Sada walikuwa wameulizwa madrasa kama ni kweli mama yao anaua watu kwa dawa ya choo.

Aliyepewa kazi ya kutafuta chanzo alikuwa Nasma, mhandisi wa vifaa tiba, binti wa Miembeni aliyemaliza chuo na kurudi nyumbani ilhali wenzake wote walibaki Dar es Salaam. Alikuwa bado na ule moyo wa mtu aliyetoka chuoni: aliamini kwamba ukweli ukipatikana, kila aliyeumizwa atapona kidogo. Na Sada ndiye aliyempokea kazini, akamfundisha kusikiliza pampu kwa sikio, akampa chakula kutoka kwenye bakuli lake. Nasma alimwita dada, na hakuwa anatania.

"Dada, nitalisafisha jina lako," alimwambia siku ile ya polisi.

"Safisha haraka, mdogo wangu," Sada akajibu. "Wameshaanza kuulizana kama nitafungwa Bukoba au nitapelekwa mbali."

Nasma alianza na maji. Alipima klorini baada ya chujio la mkaa, hakuipata. Akapima joto la maji ya dawa, maana maji yakipata moto kupita kiasi huipika damu. Joto lilikuwa sawa. Akapima chumvi, maana maji yenye chumvi pungufu huzijaza chembe za damu mpaka zikapasuka. Chumvi ilikuwa sawa. Akafungua pampu, akapima mbano wa magurudumu yake. Sawa. Kila alipogusa palikuwa sawa, na kila neno "sawa" lilimsogeza Sada hatua moja karibu na rumande, kwa sababu kama mashine haina kosa, basi mwenye kosa ni mtu.

Derick wa maabara alimwonyesha kichupa cha damu ya marehemu alichokuwa amekihifadhi. Damu ikitulia, juu yake hubaki maji ya rangi ya nyasi kavu. Katika kichupa hiki palikuwa pekundu kutoka chini hadi juu.

"Chembe nyekundu zimepasuka," Derick alisema. "Tena si kupasuka tu. Angalia kwenye darubini, vipande vipande. Hizi zimesagwa, Nasma. Kama unga."

Mirija yenyewe ilikuwa imeshachomwa katika tanuri la taka za hospitali, kama kawaida ya kila siku. Basi akaenda kuwauliza walio hai.

Mzee Burhani alikuwa na kitanda cha jirani. Alikuwa fundi cherehani, mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, na kwa kuwa babu yake Nasma alikuwa rafiki yake, alimtania kwa haki ya babu kwa mjukuu.

"Mke wangu huyo amekuja! Leo umenipikia nini?"

"Nimekupikia maswali, babu. Siku ile ya Rwegasira, wewe uliumwa?"

"Mimi? Nilitoka hapa nikala ndizi na samaki nikalala. Maji yale yale, dawa ile ile, muuguzi yule yule. Kama Sada ni muuaji basi ananidharau sana, mimi kaniacha."

"Kuna kitu kilikuwa kwake, kwako hakikuwepo?"

Mzee Burhani akaacha mzaha. "Mimi nilikuwa peke yangu. Yeye alikuwa na mke. Yule mama alimhangaikia kama bibi harusi. Damu ya yule bwana hatukuiona hata siku moja, alivyofunikwa."

Kufunika ilikuwa amri ya mkurugenzi mwenyewe. Miezi michache nyuma mgeni mmoja alikuwa ameona mirija imejaa damu akazimia mlangoni, na Byarugaba akaagiza kila familia ije na kitambaa cha kusitiri. Sada alipinga, akasema mirija lazima ionekane muda wote. Akaambiwa hospitali si machinjio ya kuonyesha watu damu. Nasma aliyajua hayo. Alikuwepo, na aliona amri hiyo ni ya kijinga lakini ndogo.

Jumamosi alipanda gari la Muleba, akashuka njiani akachukua pikipiki hadi Ijumbi. Nyumba ya Rwegasira ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka pande zote na mibuni chini yake, na kaburi jipya nyuma ya nyumba. Ndani, nyasi za matanga zilikuwa bado sakafuni. Joviana alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake mikubwa ya kazi, sauti yake ndogo. Hakuwa na mtoto.

"Karibu, waitu, mwenzetu. Keti. Usiniulize kitu kwanza, mgeni haulizi mdomo ukiwa mtupu." Akampa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, akangoja mpaka Nasma ameweka punje mdomoni.

"Ma Joviana," Nasma alisema, "nataka unisimulie siku ile. Kila ulichofanya, hata kama ni kidogo."

Joviana alifurahi. Hilo ndilo Nasma alilolikumbuka baadaye kwa uchungu kuliko mengine: kwamba mama yule alifurahi kuulizwa. Tangu mazishi watu walikuwa wakimuuliza marehemu aliacha nini. Hakuna aliyemuuliza alimtunzaje.

Akasimulia uji aliomchemshia, na namna alivyompaka mafuta miguuni kwa kuwa ngozi ilikuwa inapasuka. Akasimulia kitenge.

"Mimi kwetu nililelewa hivi: damu ya mtu mzima haitazamwi na kila mpita njia. Mkurugenzi aliposema tufunike nikasema huyu amelelewa vizuri. Lakini siku ile kuna mrija mmoja ulikuwa unanisumbua. Wenzake wamekaa vizuri, huo unaning'inia, unatoka nje ya kitenge. Ile klipu ya kuushikia kwenye mashine ilikuwa imevunjika."

"Mrija upi, mama? Unaokwenda mkononi?"

"Hapana. Ule unaotoka kwenye gurudumu linalozunguka, unakwenda kwenye lile kopo refu." Alimaanisha pampu na chujio la kusafishia damu. "Nikaurudisha, ukatoka. Nikaurudisha, ukatoka. Mume wangu akanicheka, akasema, 'Joviana, hata hospitali unataka kufagia?' Basi nikachana ukingo wa kitenge, nikaufunga. Hivi."

Akaokota kamba ya mgomba sakafuni, akaikunja mara tatu, akaizungushia kipande kingine katikati, akakaza kwa meno. Ulikuwa mfungo safi. Ndivyo akina mama wa Ijumbi wanavyofunga chakula ndani ya majani ya mgomba, wala hakikuwahi kumwagika kitu katika mfungo wa namna hiyo.

Nasma aliitazama ile kamba. Kahawa ikamgandia mdomoni.

Mashine ina vipimo vya presha. Kimoja huangalia damu inapotoka mkononi, kingine inaporudi. Mrija ukijikunja sehemu hizo, mashine hupiga kelele. Lakini kwa mashine zile, kipande kilicho kati ya pampu na chujio hakina jicho. Ukikikunja hapo, pampu haijui, inaendelea kusukuma, na chembe za damu zinalazimishwa kupita kwenye upenyo mwembamba kama ukucha, zinasagika moja baada ya nyingine, kimya.

"Sada aliuona mfungo huu?" Nasma aliuliza.

"Angeuona wapi? Ulikuwa chini ya kitenge. Halafu yale mambo yalipoanza alivuta kitenge kwa nguvu, na ule ukanda ukatoka nacho." Joviana akamtazama usoni. "Kwani klipu ile ina neno?"

"Bado natafuta, mama."

"Ukikijua kilichomuua mume wangu, utaniambia? Maana mimi hapa naambiwa ni yule muuguzi, na moyo wangu unakataa. Alikuwa anamwita baba."

"Nitakuambia. Wewe wa kwanza."

Alisema hivyo kwa moyo wake wote. Lakini ukweli ulikuwa bado nusu, alitaka kuwa na hakika.

Jumatatu, Derick akapata mfuko wa damu iliyopita muda wake wa kutumika. Wakaiunganisha kwenye mashine, wakakunja mrija mara tatu, wakaukaza kwa ukanda wa kitambaa. Pampu ikazunguka. Mashine haikulia hata mara moja. Muda si mrefu damu katika mrija wa kurudia ikaanza kung'aa. Derick akaizungusha kwenye mashine ya maabara, akainua kichupa dirishani: pekundu kutoka chini hadi juu.

"Mungu wangu," Derick alisema. "Alimuua kwa kumtunza."

"Usirudie neno hilo," Nasma alimwambia. "Klipu ilivunjika nikaomba nyingine, sikupewa. Kitambaa kiliagizwa na hospitali. Mama yule hakuambiwa na mtu yeyote asiguse mirija."

Maneno hayo hayo aliyapeleka ofisini kwa Daktari Byarugaba, asubuhi ileile, kwa haraka, kwa sababu Sada alikuwa ameitwa tena polisi. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, mwenye kufuta miwani yake kabla ya kujibu.

"Kwa hiyo ni mke."

"Si mke, daktari. Ni klipu, ni amri ya kufunika, na ni—"

"Binti yangu, umefanya kazi nzuri sana. Nimejivunia. Lakini watu hawabebi mambo matatu kichwani. Huchagua moja. Nani aliyekaza ule mrija?"

"Alikaza kwa sababu—"

"Nani?"

Nasma akakusanya karatasi zake za vipimo.

"Sada anarudi kazini kesho," Byarugaba alisema, akaivaa miwani. "Si ndicho ulichokitaka? Nenda ukampe habari njema."

Nasma alipofunga mlango alimsikia akisema kwenye simu, kwa sauti ile ile ya upole: "Mzee Lwakatare? Shikamoo. Nina jambo la kukufariji."

Sada alilia kwa furaha, akamkumbatia, akamlisha maandazi kama mtoto. Nasma alipomweleza mengine, mkono wa Sada ukasimama hewani.

"Wamemwambia Lwakatare? Peke yake?"

"Nakwenda Ijumbi kesho. Nitawaeleza yote, la klipu na la amri."

Sada akaweka sahani chini. "Nasma, mimi nampenda yule mama. Lakini ukienda kusema hospitali ndiyo yenye kosa, mkurugenzi atamtafuta nani wa kumtupia lawama? Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nina watoto watatu wanaoitwa watoto wa muuaji. Acha, mdogo wangu."

"Dada, siwezi."

"Basi nenda," Sada alisema, na hakumtazama tena. "Nilidhani ulifanya kwa ajili yangu."

Alipofika Ijumbi ukoo ulikuwa umeshakaa. Wanaume walikuwa kwenye viti uani, wanawake chini kwenye mikeka, na Joviana peke yake karibu na mlango wa nyumba yake, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Lwakatare alipomwona Nasma akaja kumpokea kwa mikono miwili.

"Huyu hapa! Mhandisi mwenyewe. Mungu amemleta. Mpeni kiti."

"Nimekuja kueleza, mzee. Kuna mambo hamkuambiwa."

"Utaeleza. Sisi ni watu wa utaratibu." Akawageukia wenzake. "Ndugu zangu, mimi nilimlaumu muuguzi wa watu bure. Nimekosa, nakiri. Huyu binti amesoma, amepima kwa mashine. Sasa nitamuuliza mbele yenu, msije kusema Lwakatare anataka shamba. Mwanangu, mrija wa damu ya Rwegasira ulifungwa?"

"Ulifungwa, lakini klipu—"

"Ulifungwa. Kufungwa huko ndiko kulikomuua?"

"Mzee, hospitali iliagiza mirija ifunikwe. Klipu ilivunjika na haikubadilishwa. Mtu yeyote angefanya—"

"Sikuuliza mtu yeyote. Kufungwa huko ndiko kulikomuua, ndiyo au hapana?"

Ua zima lilimtazama. Angeweza kusema hapana. Baadaye angekaa akilitafakari neno hilo dogo, lilivyokuwa jepesi, lilivyokuwa karibu. Lakini alikuwa amekuja kwa ajili ya ukweli, na hakuwahi kujifunza kuacha kuusema.

"Ndiyo," alisema.

"Na nani aliyeufunga?"

Joviana alikuwa ameinuka taratibu, akishika ukuta.

"Ni ule mfungo?" aliuliza. "Ule niliokuonyesha?"

"Ma Joviana, nilitaka kukuambia wewe kwanza. Haikuwa kosa lako. Nisikilize—"

"Aliniambia mgongo unauma." Joviana hakuwa anasema na Nasma wala na ukoo. "Nikadhani ni kitanda. Akasema, 'Joviana, kifua kinabana, hebu muite yule muuguzi.' Nikamwambia subiri, dada wa watu anakunywa chai, hajala tangu asubuhi. Nikauona mrija umelegea kidogo." Akainua mikono yake mikubwa, akaitazama. "Nikaukaza."

Kisha mwanamke mmoja kwenye mikeka akasonya, mwingine akasema kwa sauti ya kusikika, "Mke asiyezaa ana haraka gani na mume, kama si ya shamba?" Na wa tatu akacheka.

"Aliumia muda mrefu?" Joviana alimuuliza Nasma. "Wewe umepima. Tangu nilipoufunga mpaka Sada alipokuja. Alikuwa anaumia muda wote huo?"

Chuoni walikuwa wamemfundisha Nasma kila kitu kuhusu chembe ya damu inavyopasuka, na hakuna aliyemfundisha jibu la swali hilo.

"Mama, twende mjini," alisema. "Kuna mawakili, kuna ofisi za ustawi. Shamba hili ni haki yako. Nitakuwa shahidi wako."

Joviana akatikisa kichwa, taratibu, karibu kwa huruma. "Shahidi wangu," alisema. "Si umeshanishuhudia, mwanangu."

Aliingia ndani, akatoka na kikapu kimoja, nguo zake zimo. Hakumwangalia mtu. Alipita kati ya migomba kuelekea barabarani, kwao kulikokuwa na kaka asiyemtaka, na hakwenda kuliaga kaburi. Nasma akainuka kumfuata, lakini Lwakatare alikuwa amemshika mkono, kwa adabu kabisa, kama unavyomshika mgeni anayetaka kuondoka bila kuaga.

"Haondoki mtu kwetu mikono mitupu," alisema. "Byamungu, kata mkungu. Ule mkubwa, pale kwenye kaburi."

Panga lilisikika mara moja. Wakauleta mkungu ungali unatoa utomvu, wakaufunga nyuma ya pikipiki, wakaukaza vizuri usije ukadondoka njiani. Wanaume walisimama wakampa mkono mmoja mmoja, wakamwita mwanetu, wakamshukuru kwa elimu yake. Wanawake wakampigia vigelegele.

Pikipiki iliondoka. Mbele, kwenye barabara nyekundu, mwanamke mwenye kikapu alisogea pembeni kuwapisha, akafunika uso kwa sababu ya vumbi. Nasma alimwambia dereva asimame. Dereva akageuza shingo, akautazama mkungu, akamtazama yule mwanamke, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Huyo ndiye aliyemuua mumewe?"

Wala hakusimama.